São João: Moto Ureno, Mahindi Brazili, Visima Goa

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni, katika mji wa Porto kaskazini mwa Ureno, mtu usiyemjua anakujia barabarani na kukugonga utosini kwa nyundo. Nyundo ni ya plastiki, na ikigonga hulia kama mdoli aliyebinywa tumbo. Hakuna anayekasirika. Nawe una yako mkononi, unamrudishia, mnacheka, kila mmoja anashika njia yake kutafuta kichwa kingine. Mchezo huo huendelea mpaka alfajiri, wazee kwa watoto.

Usiku huohuo, Campina Grande, kaskazini mashariki mwa Brazili, bwana harusi wa mchezoni anajaribu kuitoroka ndoa yake. Baba mkwe anamkimbiza na bunduki, na bi harusi ana mto uliofungwa tumboni chini ya gauni ili kila mtu aone sababu ya haraka hiyo. Na mchana wa tarehe 24, Goa, magharibi mwa India, kijana aliyeoa mwaka huu anasimama ukingoni mwa kisima, shada la majani na maua kichwani, wakwe wamemzunguka, ngoma inalia. Anaruka.

Waulize wote watatu wanafanya nini, watakupa jibu moja: leo ni São João. Yohana Mtakatifu, yaani Yohana Mbatizaji, yule nabii wa jangwani aliyevaa singa za ngamia na kula nzige na asali ya mwitu.

Hapo ndipo wengi hupotea. Nyundo, harusi ya maigizo na kisima vina uhusiano gani na nabii aliyekula nzige? Majibu ya haraka yapo mawili. La kwanza husema hii ni sikukuu ya Kikristo iliyochafuliwa na mambo ya dunia. La pili husema ni upagani wa kale uliovishwa kanzu ya Kanisa. Nimeyafuatilia majibu haya kwa muda, na naona yote mawili hukwama ukishatoka Ureno, kwa sababu hayaelezi kwa nini Mbrazili anakula mahindi na Mgoa anaruka majini. Liko swali moja linalofungua zaidi: pale mahali, tarehe hiyo ikifika, mvua iko wapi na shambani kuna nini?

Lakini kwanza tujue tarehe yenyewe ilitoka wapi.

Katika Injili ya Luka, malaika Gabrieli anapomletea Maria habari za kuzaliwa kwa Yesu, anamwambia pia kwamba jamaa yake Elizabeti, mzee aliyehesabiwa kuwa tasa, yuko katika mwezi wa sita wa mimba yake. Mtoto huyo ni Yohana. Kwa hiyo Kanisa lilipokwisha kuweka Noeli tarehe 25 Desemba, kuzaliwa kwa Yohana kuliangukia miezi sita nyuma, mwishoni mwa Juni. Kwa nini basi iwe 24 na si 25? Sababu ni hesabu ya Kirumi. Warumi walihesabu siku za mwishoni mwa mwezi kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kwanza ya mwezi unaofuata, wakiijumlisha na siku hiyo yenyewe. Siku ya nane kabla ya Januari mosi ni 25 Desemba, maana Desemba ina siku 31. Siku ya nane kabla ya Julai mosi ni 24 Juni, maana Juni ina siku 30. Kwa Mrumi sikukuu hizo mbili ziko mahali pamoja kabisa mwezini.

Yohana pia ana heshima ambayo watakatifu wengine hawana. Mtakatifu kwa kawaida huadhimishwa siku aliyofariki. Antonio wa Lisbon, ambaye sikukuu yake ni 13 Juni, alifariki Padua tarehe hiyo mwaka 1231. Wanaoadhimishwa siku ya kuzaliwa kwao katika kalenda ya Kikatoliki ni watatu tu: Yesu, mama yake Maria, na Yohana.

Sasa jua. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, karibu na tarehe 21 Juni mchana hufikia urefu wake wa mwisho, kisha huanza kupungua. Karibu na 21 Desemba huwa kinyume. Mtakatifu Augustino aliliona hilo zamani sana, akalihusisha na maneno ya Yohana mwenyewe kuhusu Yesu: yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua. Yesu anazaliwa mchana unapoanza kurefuka, Yohana unapoanza kufupika. Wakulima wa Ulaya walikuwa na desturi ya kuwasha mioto mikubwa katika majira hayo, na Kanisa likaupa moto hadithi: kwamba Elizabeti alikuwa amemwahidi Maria atawasha moto mlimani mtoto akizaliwa, ili Maria auone kutoka mbali. Hadithi hiyo haimo katika Biblia. Ilikaa midomoni mwa watu, na ndiyo iliyopanda meli.

Kabla hatujaifuata meli, niondoe mkanganyiko mmoja unaowasumbua watu wengi wanaosikia habari za sherehe za nchi za Kireno: mbona Kanivali haina tarehe maalumu? Zipo sikukuu za namna mbili. Za watakatifu, kama São João, zimefungwa kwenye tarehe. Kanivali imefungwa kwenye Pasaka, na Pasaka hufuata mwezi wa angani: ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baadaye. Jumanne ya Kanivali huwa siku 47 kabla ya Pasaka, kwa hiyo yaweza kuangukia popote kati ya 3 Februari na 9 Machi. Mwaka 2024 ilikuwa 13 Februari. Mwaka 2025 ilikuwa 4 Machi. Mtu wa pwani halihitaji hilo kuelezwa mara mbili. Kanivali ndiyo vunja jungu yao: kula, kunywa na kucheza kabla ya mfungo wa Kwaresima, nayo huhama na mfungo wake. São João haina mfungo wowote mbele yake. Inasimama palepale katikati ya mwaka, na ndiyo maana imeweza kushikamana na kazi za shambani ambazo nazo zina mwezi wake.

Ureno kwenyewe mwezi Juni ni mwanzo wa kiangazi. Baridi imekwisha, usiku ni mfupi na wa joto, na samaki wa sadini wamenona. Husubiriwa wakati huo maana mafuta yao ndiyo hufanya moshi wa jiko la makaa unukie mtaa mzima. Mwezi huo una watakatifu watatu mfululizo: Antonio tarehe 13, Yohana tarehe 24, Petro tarehe 29. Lisbon imemchukua Antonio kwa sababu alizaliwa pale. Porto na Braga zimemchukua Yohana.

Ukipita mitaa ya Porto siku hizo utaona vyungu vidogo vyenye kichaka cha kijani cha mviringo, kama mpira uliochongwa. Ni mrihani, ule wa majani madogo sana, nao huuita manjerico. Kila chungu kimechomekwa ua la karatasi na kibendera chenye shairi la mistari minne, kwa kawaida la mapenzi. Kijana humpelekea anayempenda. Na kuna adabu yake: mrihani hauinamiwi ukanuswa kwa pua, maana wanaamini pumzi ya mtu huukausha. Unaupapasa kwa kiganja, kisha unanusa kiganja. Niliposoma hilo nilikumbuka vikuba vya pwani yetu, asumini na mrihani vilivyofungwa pamoja, navyo pia ni salamu ya mapenzi kwa njia ya harufu. Sidai kwamba mmoja alimfundisha mwingine. Mrihani umesafiri dunia nzima, na kila ulikofika watu wameupeleka kwenye mapenzi.

Kabla ya nyundo, watu wa Porto waligongana vichwa kwa shina refu la kitunguu saumu chenye ua la mviringo juu, na wapo wanaolibeba hadi leo. Nyundo za plastiki ni za miaka ya 1960. Napenda msomaji alishike hilo, kwa sababu neno "jadi" hutufanya tudhani kila kitu ni cha tangu enzi na enzi. Moto ni wa kale kweli. Maandamano ya mitaa ya Lisbon usiku wa Antonio, yenye mavazi, matao na mashindano, yalianza mwaka 1932. Tarehe 24 Juni ikawa mapumziko ya mji wa Porto mwaka 1911, pale serikali mpya ya jamhuri ilipoiacha kila wilaya ichague siku yake na gazeti moja la mji likawapigisha wasomaji kura. Sikukuu iliyo hai huongezwa vitu. Ikiacha kuongezwa, hubaki kwenye makumbusho.

Moto ulifika Brazili mapema. Padre wa Kijesuiti Fernão Cardim, aliyefika huko mwaka 1583, aliandika kwamba wenyeji wa vijiji vya wamisionari walikuwa na sikukuu tatu walizozipenda kupita zote, na ya kwanza ni mioto ya São João. Vijiji viliwaka, anasema, na katika kuruka moto nguo haikuwazuia, ingawa mara nyingine waliunguza ngozi. Kila niisomapo sentensi hiyo namwona padre amesimama pembeni na kalamu yake, akidhani anawafundisha watu dini, wakati wao tayari wamekwisha kuifanya sikukuu kuwa yao.

Kilichoibadilisha sikukuu Brazili ni mahindi. Ureno tarehe hiyo ilikuwa ya jua. Kusini mwa ikweta jua liko kinyume: Juni ni mwezi wa usiku mrefu. Tena kaskazini mashariki mwa Brazili, ambako São João ina nguvu kuliko kokote duniani, tofauti ya usiku na mchana ni ndogo, maana eneo hilo li karibu na ikweta. Campina Grande iko takriban nyuzi 7 kusini, karibu sawa na Dar es Salaam. Anayeijua Juni ya Dar, masika yamekwisha, kipupwe kimeingia, watu wanatafuta shuka usiku, anaweza kuihisi hewa ya sikukuu ile. Mantiki ya jua kupungua haikuwa na kazi pale. Mahindi ndiyo yalikuwa na kazi. Katika sehemu kame za ndani, mkulima hutazama mbingu mpaka tarehe 19 Machi, sikukuu ya Yosefu. Mvua ikinyesha kufikia siku hiyo, mwaka utakuwa na chakula, na mbegu zinaingia ardhini. Hesabu kutoka hapo: siku 97 baadaye ni São João, na mahindi mabichi yako tayari kuvunjwa. Mtakatifu wa mbegu na mtakatifu wa mavuno wamewekwa mwanzoni na mwishoni mwa msimu kama vigingi viwili.

Mahindi yenyewe ni ya wenyeji wa Amerika, walioyalima kabla Mreno yeyote hajatia nanga. (Sisi tuliyapa jina linalotazama India, kana kwamba yalitoka kule.) Kwa hiyo mezani kwa São João hukaa watu watatu. Pamonha ni ya wenyeji: mahindi mabichi hukunwa, yakachanganywa na tui la nazi au maziwa na sukari, uji ule mzito ukafungwa ndani ya maganda ya mahindi yaleyale na kuchemshwa hadi ushikane. Sukari na keki vimeletwa na Mreno. Na mungunzá, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa taratibu na tui la nazi, sukari na mdalasini, limetajwa kuwa na jina la Kimbundu, lugha ya Angola. Asiyejua Kireno hata neno moja, ukimpa bakuli lile Tanga au Lamu, hatauliza limetoka wapi. Atauliza kama limebaki.

Ngoma ya usiku ule, quadrilha, ina safari yake. Ilikuwa dansi ya majumba ya kitajiri ya Ufaransa, ikaingia Brazili karne ya 19 pamoja na mitindo ya watu wa kasri la mfalme, ikashuka vijijini, na huko ikapata wenyewe. Kiongozi bado anatoa amri kwa Kifaransa kilichopondwapondwa: "anavantur" kwa kwenda mbele wote, "anarriê" kwa kurudi nyuma. Kisha anapiga kelele, "Mvua inakuja!" Safu nzima inageuka kukimbia. "Uongo!" wanajibu, wanarudi. "Nyoka huyo!" Wasichana wanarukia mikononi mwa wavulana. "Uongo!" Utani wa mvua una uzito wake katika nchi ile. Ukame mkubwa wa 1877 hadi 1879 uliua watu wengi mno kaskazini mashariki, na vizazi vilivyofuata vilihamia São Paulo na Rio de Janeiro kutafuta kazi. Wanaorudi, hurudi Juni. Mabasi hujaa kama yanavyojaa kwetu Desemba Wachaga wanapokwenda Kilimanjaro. Harusi ile ya maigizo, muziki wa forró wa kodiani, ngoma ya zabumba na pembetatu ya chuma ambao Luiz Gonzaga aliutoa Pernambuco na kuufikisha redioni nchi nzima katika miaka ya 1940, vyote huwaambia waliohama kwamba bado wana kwao.

Kando ya moto kuna desturi nyingine ambayo naiona nzuri kuliko zote. Watu wawili wasio na undugu husimama pande mbili za moto, hushikana mikono, huvuka au huuzunguka mara tatu huku wakisema maneno ya kuitana kwa jina la Yohana na Petro, na kuanzia hapo wanakuwa makompadre, ndugu wa moto. Ni ahadi ya kweli. Wataitana hivyo maisha yao yote, kama watu wetu wa zamani waliochanjiana damu. Ukiwa mhamaji, maskini, mbali na ukoo wako, usiku mmoja wa mwaka unakupa ndugu.

Na wale waliopelekwa Brazili kwa minyororo, Wayoruba hasa, waliuona moto huo wakamkumbuka Xangô, orixá (yaani mungu wao) wa radi na moto. Dini yao ilikuwa imekatazwa. Sikukuu ya Kanisa yenye moto katikati ya uwanja ilikuwa mahali pa wazi pa kumheshimu bila kuulizwa. Mpaka leo katika nyumba nyingi za Candomblé, dini iliyotokana na hiyo, moto wa Xangô huwashwa Juni. Ukitazama kutoka barabarani huwezi kujua moto upi ni wa nani, na nadhani kwa waliouwasha zamani hiyo ndiyo ilikuwa faida yake.

Kila kitu kizuri kikikua hupata wenye kukigombania. Campina Grande ilianza mwaka 1983 kuiita yake São João kubwa kuliko zote duniani, na sherehe huchukua kama siku 30. Jukwaa likakua, wadhamini wakaja, na waimbaji wa mitindo mingine kutoka kusini wakaanza kuchukua saa ambazo wapiga kodiani walizizoea. Mwaka 2017 wanamuziki wa forró waliendesha kampeni ya kudai warudishiwe São João yao. Niko upande wao. Umati unaweza kukusanywa popote. Mzee anayejua kupiga kodiani saa sita bila kusimama, wachezaji wakibadilishana mbele yake, hakusanywi. Jambo jingine lilibadilishwa na sheria: puto za karatasi zenye moto ndani, zilizokuwa zikipaa juu ya miji, ni kosa la jinai tangu sheria ya mazingira ya mwaka 1998, kwa sababu zikishuka huunguza misitu na nyumba. Porto bado utaziona angani.

Tuvuke sasa kurudi upande wa Afrika. Cabo Verde ni visiwa ambavyo Wareno walivikuta bila watu karne ya 15, wakavijaza kwa walowezi wachache na Waafrika wengi waliotekwa pwani ya Guinea. Huko nako wanakula mahindi kila siku. Cachupa, mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa saa nyingi na maharage na nyama au samaki, ni ndugu halisi wa kande. Lakini tazama kalenda yao. Mvua Cabo Verde hunyesha Julai hadi Oktoba, ikinyesha. Kwa hiyo tarehe 24 Juni, ambayo Campina Grande ni ya kuvunja mahindi, Cabo Verde ni ya kuyasubiri. Ghala limepungua, ardhi ni vumbi, mbegu zimewekwa tayari, na kila mtu anatazama juu. Wenyeji hawahitaji kuambiwa mvua ikikosa kitatokea nini: njaa za miaka ya 1940 ziliua makumi ya maelfu katika visiwa vile vidogo.

Sherehe yao, Kola San Jon, ina sauti ya watu wanaoomba wakiwa bado wamesimama. Kisiwani Santo Antão, tarehe 23, sanamu ya Yohana hubebwa kwa miguu kutoka bonde la Ribeira das Patas hadi mji wa bandari wa Porto Novo, mwendo wa zaidi ya kilomita 20 kwenye jua, ngoma mbele, filimbi zikipulizwa bila kupumzika. Njiani na kwenye uwanja watu hucheza wawili wawili: wanarudi nyuma, wanaijia ngoma, wanakutana nyonga kwa nyonga, wanaachana. Shingoni huning'iniza shada ndefu za bisi, karanga na peremende zilizotungwa kama rozari. Na katikati ya watu kuna meli. Mwanamume ameivaa kiunoni, merikebu ndogo ya tanga iliyopakwa rangi, yenye milingoti na bendera, naye anaiyumbisha kwa kiuno chake kana kwamba iko kwenye mawimbi. Katika visiwa vile meli ndiyo iliyowaleta mababu kwa nguvu, ndiyo iliyowachukua wana kwenda kuvua nyangumi na kufanya kazi Marekani, na ndiyo iliyoleta mahindi mwaka mvua ilipokosa. Sijui sikukuu nyingine inayobeba historia yake yote kiunoni namna ile.

Goa inatushangaza kwa sababu moto umerudi nyuma na maji yamechukua nafasi yake. Wareno waliitawala kuanzia 1510 hadi 1961. Kireno kimebaki kwa wachache, watu wanazungumza Kikonkani, lakini kelele ya "Viva São João!" haijabadilika. Kwa nini maji? Msomaji wa pwani anayo sehemu ya jibu. Upepo wa kusi unaovuma kwetu Juni, ule uliowafanya manahodha wafunge majahazi bandarini, huvuka ikweta, hujikunja kuelekea India na kuwaangushia mvua kubwa. Goa huipata kwa kawaida wiki ya kwanza ya Juni. Kufikia tarehe 24 visima vimejaa hadi mdomoni, mito inatapika, bahari haivuliki, wavuvi wako nyumbani. Nani angewasha moto wa kuni katika mvua ile? Ukristo wenyewe uliwapa sababu nzuri: Yohana ni mbatizaji, na Luka anasema alipokuwa tumboni mwa mama yake aliruka kwa furaha Maria alipobisha hodi. Basi nao huruka. Kijana aliyeoa mwaka huo hualikwa ukweni, huvishwa shada liitwalo kopel, huzawadiwa matunda na chupa ya feni, pombe kali ya kwao, kisha haachwi akauke. Kijijini Siolim huja mitumbwi iliyopambwa, ikishindana kwa nyimbo na mapambo.

Ngoma yao, ghumot, ni chungu cha udongo chenye midomo miwili. Mdomo mpana huwambwa ngozi, mwembamba huachwa wazi, na mpigaji huufunga na kuufungua kwa kiganja ili sauti ivimbe na kusinyaa. Ngozi iliyosifiwa zamani ilikuwa ya kenge. Sheria ya India ya kulinda wanyamapori ilimkinga kenge, na mafundi wakahamia ngozi ya mbuzi. Wagoa waliokuja Zanzibar, Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam kama makarani, mafundi cherehani, wapishi na wanamuziki walitoka katika vijiji hivyo vya visima. Waliofanya nao kazi ofisini huenda hawakuwahi kujua kwamba Juni mioyo yao ilikuwa kwenye maji.

Kuna mahali pamoja ambapo tarehe hii inatugusa kwa ukaribu zaidi. Kisiwa cha Ibo, katika visiwa vya Quirimbas kaskazini mwa Msumbiji, kina ngome ya Wareno yenye umbo la nyota iliyojengwa 1791 na kupewa jina la São João Baptista. Watu wa Ibo huzungumza Kimwani, jirani wa karibu wa Kiswahili, na wengi wao ni Waislamu. Tarehe 24 Juni ndiyo siku ya kisiwa. Ngoma ya tufo inapigwa, wanawake wamejipaka usoni msiro, rojo jeupe la mti, na tamasha linaitwa Kueto Siriwala. Neno la kwanza kila Mswahili atalisikia bila mkalimani. Jina zima ni la mtu asemaye kwamba kwao hakusahau, na tangu vita vilipoanza katika mkoa huo wa Cabo Delgado mwezi Oktoba 2017, wengi wa bara walikimbilia visiwani hivyo na makwao nyuma yao yamechomwa.

Na meli imerudi Ureno. Kuanzia miaka ya 1970 Wakabo Verde wengi walihamia pembezoni mwa Lisbon kufanya kazi za ujenzi na usafi, wakajijengea mtaa wao wa Cova da Moura katika mji wa Amadora, tofali kwa tofali, mara nyingi baada ya saa za kazi. Walikuja na Kola San Jon. Mwaka 2013 Ureno iliiandika Kola San Jon ya mtaa ule katika orodha yake ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wareno waliipeleka São João visiwani ikiwa na moto na sanamu. Karne tano baadaye imerudishwa ikiwa na ngoma, filimbi na bisi, na Ureno imeitambua kuwa ni yake. Juni ikifika, vichochoro vya Cova da Moura ni vyembamba mno kwa merikebu ile. Anayeivaa hulazimika kwenda ubavu, milingoti ikikwaruza kuta, huku wanawake wawili wakirudi kinyumenyume mbele yake na ngoma ikimsukuma apite.